Tusimshangilie Fresh

Na Zuhura Makame

Kila nikikutana na mtu aliyeiona filamu ya Fresh, sifa ni ile ile: mtoto yule ni moto wa kuotea mbali, kawazidi akili wauza unga wote! Sifa hiyo inaniuma. Nimeitazama filamu hii tena na tena, na ninavyoielewa mimi, inatushtaki sisi watu wazima. Ujanja wa mtoto ni sehemu ya ushahidi.

Ilitoka mwaka 1994. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Boaz Yakin aliiongoza, kwa bajeti ya dola milioni tatu na nusu hivi, pesa ndogo kwa sinema ya Marekani. Kilichopo ni mitaa ya Brooklyn, nyuso za watu na ubao wa sataranji, na vinatosha kabisa.

Michael, ambaye mtaani wanamwita Fresh, ana miaka 12. Anaishi kwa shangazi yake, nyumba imejaa watoto. Asubuhi kabla ya shule huwa keshazunguka na mzigo: heroini ya bosi aitwaye Esteban. Bosi mwingine naye humtumia kwa kokeini ya mawe. Akifika darasani amechelewa, anagombezwa. Mwalimu anaona uchelewaji. Mzigo aliotoka kuupeleka haumo kwenye daftari la mahudhurio. Sean Nelson, aliyeigiza nafasi hii akiwa bado mtoto, karibu filamu nzima uso wake hautikisiki. Macho tu ndiyo yanayopiga hesabu.

Kwa nini wauza unga wamtume mtoto? Jibu limo kwenye sheria. Mwaka 1973, Gavana Nelson Rockefeller alipitisha New York sheria kali za dawa za kulevya: ukikamatwa umeuza wakia mbili za heroini, kifungo kilianzia miaka 15 na kiliweza kufika maisha. Aliyetimiza miaka 16 alihukumiwa kama mtu mzima, na wa chini ya hapo kwa kawaida alipelekwa mahakama ya familia. Mabosi wakasoma sheria vizuri kuliko walioitunga. Begi la unga likashuka kutoka bega la mwanamume wa miaka 30 likatua kwenye bega la mwanafunzi. Ukali ule ulikusudiwa kuwatisha wakubwa, na wakubwa wakajikinga kwa watoto.

Baba yake Fresh yupo. Ni Sam, anayeigizwa na Samuel L. Jackson, mlevi anayecheza sataranji ya haraka kwa pesa kwenye bustani ya Washington Square. Mtoto amekatazwa kuonana naye, kwa hiyo anakwenda kwa kificho. Wakikaa ubaoni, baba anamfundisha kumsoma mpinzani aliye mbele yake, na kutong'ang'ania kila kete kana kwamba ikiliwa dunia imekwisha. Mafunzo mazuri hayo. Lakini baba hamuulizi mwanawe anakula nini, analala wapi, anaogopa nini. Basi Fresh anayachukua mafunzo yale akaenda nayo mtaani, ambako kete ni watu.

Kuna tukio moja ambalo kila nikilifikia naomba lisitokee. Watoto wanacheza mpira wa kikapu. Jake, kijana wa genge, anaona kijana mwenzake amemdhalilisha uwanjani, na kwa kiburi hicho tu anatoa bastola. Risasi ya kupotea inampata Rosie, msichana ambaye Fresh anampenda kwa haya za umri wake. Anakufa pale pale uwanjani huku macho yamemtoka kwa hofu, Fresh yuko pembeni yake na hana la kufanya. Filamu za risasi zimetuzoesha kuhesabu maiti bila kutikisika. Hapa kamera inatulazimisha kukaa na mtoto mmoja mpaka pumzi imwishe.

Baada ya hapo ndipo mpango unaanza, na ndipo watazamaji wanaanza kupiga makofi. Fresh anawachonganisha mabosi, huyu anamwambia hili, yule lile, mpaka wanamalizana wenyewe. Lakini tazameni gharama. Rafiki yake Chuckie, mtoto domo-kaya anayetamani kuonekana mkubwa, anaingizwa kwenye kazi ya kubeba mzigo na anauawa. Kuna na mbwa, ambaye Fresh anamuua kwa mikono yake mwenyewe, na mimi naamini alikuwa anajikausha moyo kwa yatakayofuata.

Nitaambiwa kwamba kajiokoa yeye na dada yake Nichole, aliyenaswa na unga na kung'ang'aniwa na Esteban. Ni kweli. Anawapa polisi kila kitu mkononi, naye anadai wahamishwe. Mtoto wa miaka 12 anafikia makubaliano na serikali kama wakili, maana hakuna mtu mzima wa kumsemea! Halafu anakwenda kwa baba yake. Sam anamgombeza kwa kuchelewa huku akipanga kete, anaongea na kuongea, na anapoinua macho anakuta mwanawe analia.

Machozi yale tumeyapa jina la ushindi, na hata huku kwetu tuna tabia hiyo. Mtoto anauza mayai baa saa tano usiku, tunanunua, tunamsifia kuwa ni mtoto wa mjini, tunaagiza kinywaji kingine. Nani amemtuma, hatuulizi.

Filamu hii haiwafai watoto, na sishauri waonyeshwe. Ningependa waione maofisa wa polisi walioko kwenye madawati ya jinsia na watoto, walimu wa nidhamu, wenyeviti wa mitaa na kina baba wanaotokea siku za sikukuu tu. Taa zikiwashwa, kila mmoja aseme mtoto huyu angempita wapi siku ile ya kwanza aliyopewa mzigo, na yeye angefanya nini kabla begi halijafika kwa mteja.