Msafiri wa Handeni na Korogwe: Ukiugua ugenini, sema umetoka wapi



Miaka hii safari za Umra zimeongezeka, na mawakala wengi hawaishii tena Makka na Madina. Wanaongeza siku mbili tatu za kuzuru. Wapo wanaowapandisha wageni wao Jabal Nur mpaka kwenye pango la Hira, na wapo wanaowapeleka kaskazini ya Madina, Al-Ula, kuona majabali yaliyochongwa makaburi na majumba katika Al-Hijr, mahali panapojulikana pia kwa jina la Madain Saleh. Wengine wanavuka hadi Jordan kuutazama mji wa kale wa Petra uliochongwa milimani. Hukumu ya kuzuru sehemu hizo, hasa Al-Hijr, ina maneno yake, na masheikh wameieleza. Swali hilo waulize wao. Safu hii inazungumzia mwili wako.

Hoja yangu leo ni moja. Anayetoka Handeni au Korogwe kwenda nchi hizo huonywa sana juu ya jua, mafua na msongamano, lakini haonywi juu ya ugonjwa anaoweza kuwa ameubeba mwenyewe kutoka nyumbani. Ugonjwa huo ni malaria. Na kutoonywa huku ni hatari kuliko jua lenyewe, kwa sababu jua unaliona.

Jinsi malaria inavyosafiri

Mbu anayeambukiza malaria akikuuma leo, huumwi leo. Vimelea huenda kwanza kwenye ini, vikazaliana huko, kisha ndipo huingia kwenye damu. Kwa aina ya malaria iliyoenea zaidi kwetu, muda huo kwa kawaida ni kuanzia siku 7 hadi mwezi mmoja, na mara nyingine zaidi. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mtu ameumwa na mbu wiki ya mwisho kabla ya safari. Amepanda basi Korogwe, akapita Segera na Chalinze, akaruka kutoka Dar es Salaam akiwa mzima. Homa itamshika lini? Itamshika akiwa Makka, au yuko njiani kwenda Al-Ula, au amesimama katikati ya ngazi za Jabal Nur.

Na tazama wiki hiyo ya mwisho tunavyoiishi. Nyumba ya msafiri haitulii. Jamaa wanakuja kuaga, inasomwa dua, watu wanakaa barazani mpaka usiku mkubwa, na msafiri mwenyewe analala popote kwa kuwa chumba chake amewapa wageni. Chandarua kimekunjwa. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na usiku ule ndio tuliomwachia. Tunamwombea salama kwa ulimi, na kwa vitendo tunamweka hatarini.

Watu wa Korogwe hawana haja ya kuelezwa kwamba malaria ni ugonjwa wa kwao. Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha itumike kwa watoto Oktoba 2021. Majaribio hayo hayakuletwa hapa kwa bahati. Yaliletwa kwa sababu ugonjwa upo.

Kwa nini ugenini ni hatari zaidi

Nyumbani, mtu akipata homa, jambo la kwanza kila mtu analolisema ni "kapime malaria". Muuguzi wa zahanati anamtoboa kidole kabla hajamaliza kueleza. Makka na Madina hakuna maambukizi ya malaria. Daktari wa huko anaona maelfu ya wageni wenye homa na kikohozi, na wengi wao kweli wana mafua ya msongamano. Akija mzee kutoka Handeni analalamika homa, kichwa na uchovu, ni rahisi kupewa dawa ya kushusha homa akaambiwa apumzike. Wenzake wa chumbani nao watamwambia, "Hayo ni mafua ya huku, kila mtu anayapata." Atapumzika. Siku ya pili au ya tatu ataanza kuweweseka.

Malaria kali haisubiri. Inaweza kumfikisha mtu kwenye kupoteza fahamu, figo kushindwa kazi na kifo katika muda mfupi baada ya homa kuanza. Na hapa kuna jambo linalowachanganya hata walio makini: dalili zake hufanana na za mtu aliyezidiwa na jua. Wote wawili huwa na joto kali la mwili, kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa. Katika nchi ambayo jua linaua, ni nani atafikiria mbu?

Na kweli jua linaua. Katika Hija ya mwaka 2024 joto lilipita nyuzi 50 Makka, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu waliohiji bila kibali na kutembea masafa marefu juani bila hema wala mapumziko. Sisemi basi jua lidharauliwe. Nasema mgonjwa wa Handeni ana mambo mawili ya kupimwa, na la pili daktari hatalijua usipomwambia.

Neno moja linaloweza kuokoa roho

Ndiyo maana narudia: sema umetoka wapi. Ukiwa ugenini na ukapata homa, usiseme tu "naumwa kichwa". Sema: "Nimetoka Tanzania siku kadhaa zilizopita, ninakoishi kuna malaria, naomba nipimwe damu." Usione haya, wala usidhani daktari ataudhika. Neno malaria halihitaji mkalimani. Mwarabu analijua kwa jina hilo hilo, na Mzungu pia. Kama kipimo cha kwanza hakikuonyesha kitu na homa inaendelea, omba kipimo kirudiwe, kwani mwanzoni vimelea vinaweza kuwa vichache.

Ukiwa Saudi Arabia na mgonjwa amezidiwa, namba ya gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu ni 997. Iandike kwenye karatasi uivae pamoja na kitambulisho chako, na kwenye karatasi hiyo hiyo andika jina lako, umri, magonjwa uliyonayo, dawa unazotumia na nchi unayotoka. Mtu aliyepoteza fahamu hawezi kujieleza. Karatasi itamsemea.

Kabla hujaondoka

Kwanza, lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hasa wiki nne za mwisho. Mama wa nyumba, hii ni kazi yako na watoto wako. Wageni wapewe nafasi, lakini chandarua cha msafiri kisiguswe.

Pili, ukipata homa yoyote kabla ya safari, kapime. Ukikutwa na malaria, maliza dawa mseto yote kama ulivyoandikiwa. Tabia ya kumeza vidonge vya siku moja, homa ikatulia, vilivyobaki vikawekwa kabatini kwa ajili ya mtu mwingine, ndiyo inayoirudisha malaria ukiwa mbali na watu wako. Na usipande ndege ukiwa na homa kwa sababu tu tiketi imelipiwa.

Tatu, nenda hospitali ya wilaya mapema kuulizia chanjo. Ile ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne inatakiwa ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika Saudi Arabia. Sharti hili lina historia. Mwaka 2000 ugonjwa huo ulilipuka miongoni mwa mahujaji kutokana na aina iitwayo W135, na waliorejea makwao wakaambukiza jamaa zao. Anayenunua cheti bila kuchanjwa hajamdanganya afisa wa uwanja wa ndege. Amejidanganya yeye na wajukuu watakaomlaki.

Nne, mwenye kisukari au shinikizo la damu abebe dawa za kutosha safari nzima na ziada kidogo, katika mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari. Baadhi ya dawa kali za maumivu, kama tramadol, zina udhibiti mkali katika nchi za Kiarabu, kwa hiyo usibebe kidonge usichojua jina lake, wala usimbebee mtu.

Ukifika kwenye majabali

Jabal Nur ina ngazi zaidi ya elfu moja, na kuipanda si katika nguzo wala wajibu wa Hija au Umra. Petra, kufika tu kwenye jengo la juu la Ad-Deir kuna ngazi kama 800. Al-Ula ni jangwa, na wakati wa kiangazi joto lake hupita nyuzi 40. Mzee ambaye nyumbani hapandi kilima cha kwenda msikitini bila kupumzika, asilazimishwe na vijana wa kundi lake. Mwambieni atazame kutoka chini. Hakupungukiwa na ibada yake hata kidogo.

Anayepanda apande alfajiri baada ya swala au alasiri jua likipoa, mwavuli mkononi, na anywe maji kabla ya kiu. Akionekana kuchanganyikiwa au ngozi inachoma kama pasi, mpelekeni kivulini, mvueni nguo nzito, mloweshe maji mwili mzima, mpepeeni, na mwite gari la wagonjwa papo hapo. Msimnyweshe kwa nguvu mtu asiye na fahamu.

Kuharisha nako ni mwenzi wa safari. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo. Udhu ni tohara ya ibada, haukuondolei haja ya sabuni. Kula chakula cha moto, na maziwa ya ngamia yasiyochemshwa yaache, kwani ugonjwa wa mapafu wa MERS uliogunduliwa mwaka 2012 unahusishwa na ngamia. Ukiharisha, kunywa maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Ikikosekana pakiti, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vya kulinganisha, si vya kujaza. Na mgonjwa akumbuke kwamba dini imempa wepesi: msafiri hupunguza swala, asiyeweza kusimama huswali amekaa, na ambaye maji yanamdhuru hutayamamu.

Wageni wanaokuja kwetu

Jambo hili lina upande wa pili. Ndugu zetu walioko Muscat, Dubai na Uingereza huja likizo na watoto waliozaliwa huko. Tunawapandisha milima ya Usambara, wanaona Lushoto, wanaonyeshwa Vuga, makao ya zamani ya watawala wa Kilindi. Juu kule kuna baridi na mbu ni wachache, wageni wanafurahi. Kisha wanashuka kulala Korogwe, bondeni, ambako malaria ni kubwa kuliko milimani. Watoto hao hawana kinga yoyote. Hata baba yao aliyekulia hapa, akikaa nje miaka kadhaa, kinga yake hupungua. Usimwambie, "Wewe mtoto wa hapa, malaria huijui?" Mwambie amwone daktari wa huko kabla hajaja, apewe dawa za kinga, na akirudi akapata homa, hata baada ya mwezi, aseme alikuwa Tanzania.

Nasi tukirudi kutoka Arabuni tukapata homa na kikohozi ndani ya wiki mbili, tumwambie daktari wa Magunga au Handeni kwamba tulikuwa huko. Kanuni ni ile ile.

Ombi langu kwa misikiti na mawakala ni hili. Semina za mahujaji na watu wa Umra zinafundisha vizuri kuvaa ihram, kutufu na kusai. Tengeni nusu saa mumwite mganga au muuguzi wa hapo hapo wilayani, afundishe haya kwa Kiswahili chepesi. Haigharimu chochote ila chai yake. Kundi la watu 40 ambalo kila mmoja anajua la kusema kwa daktari ni salama kuliko kundi lenye sanduku la dawa ambalo hakuna anayejua kulitumia.

Tumtegemee Mwenyezi Mungu, na ngamia tumfunge. Awarejeshe salama wasafiri wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.