Fungua Kamba Tuone

Jumamosi iliyopita nilikwenda shuleni kwa mjukuu wangu, kwenye mkutano wa wazazi. Mgeni wa heshima alishika kipaza sauti akatuambia kwamba mtoto ni kama farasi: ukimfungulia kamba atatoroka, ukimtia lijamu na kumwonyesha kiboko atakwenda unakotaka. Akafunga hotuba kwa methali tuijuayo sote, kwamba fadhila ya punda ni mateke. Ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu mkuu akapiga makofi. Mama aliyekaa ubavuni kwangu, ambaye sidhani kama amewahi kumgusa farasi hata siku moja, alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa aya.

Mimi sikupiga makofi. Ujana wangu, miaka kumi na minne, niliumaliza kwenye mabanda ya farasi ya pwani ya kaskazini ya Mombasa nikiwa saisi. Nimelisha, nimesugua, nimekwangua kwato, nimewatembeza wageni ufukweni asubuhi na jioni. Habari ya watoto nawaachia walimu, ingawa Kenya ilikwisha kupiga marufuku kiboko shuleni tangu 2001 na mheshimiwa huyo anaijua sheria kuliko mimi. Lakini habari ya farasi sitainyamazia. Alichosema ni uongo, na umezoeleka kiasi kwamba hata watu wema wanaurudia bila kufikiri.

Najua ulikotoka. Farasi kwetu ni wachache, na wachache hawa hawakupungua kwa bahati mbaya tu. Mbung'o na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, vimeifanya sehemu kubwa ya nchi yetu isikalike kwa mnyama huyu. Kwa hiyo wengi wetu farasi tumemjulia kwenye filamu za Marekani: mwanamume mwenye kofia pana anampanda farasi mkali, farasi anaruka na kurusha mateke mpaka nguvu zinamwishia, basi, kuanzia hapo ni farasi mzuri. Waingereza kwa lugha yao husema farasi huyo amevunjwa, na neno hilo linaeleza kazi yenyewe vizuri. Tumeangalia filamu, tukaigeuza elimu, na sasa tunawahubiria wazazi.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Farasi mzima ana kilo mia nne, mia tano, wengine zaidi. Wewe una sabini. Kamba uliyoishika mkononi haimzuii kwa nguvu zako. Akitaka kwenda, atakwenda na kamba, na ngozi ya viganja vyako atakwenda nayo. Anakaa kwa sababu anakuogopa, au kwa sababu anakuelewa. Na shida ya kamba ni kwamba haikwambii ni lipi kati ya hayo mawili. Kamba inakwambia tu kwamba leo bado hajaikata. Ndiyo maana kila anayejisifu mbele yangu kwamba amemfundisha mnyama wake, humjibu neno moja: fungua kamba tuone.

Tulikuwa na farasi jike wa kijivu tuliyemwita Shuwari. Akiwa kwenye kamba alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini. Mwenye banda, mtu ambaye sitamtaja, alipenda kumwonyesha wageni kama mfano wa malezi mema, na makovu ya mjeledi kwenye mapaja aliyaficha kwa nguo ya kutandikia. Jioni moja bizimu ya hatamu ikakatika. Shuwari alisimama kidogo, akageuza masikio, kisha akapiga shoti kupitia lango la nyuma hadi barabara kuu, kwenye malori na matatu. Tulimpata saa nne za usiku katika shamba la minazi, amelowa jasho, mguu umechanika. Alitujia mwenyewe hatua chache za mwisho, kichwa chini. Tajiri akasema, "Mnaona? Farasi bila kamba ni hasara." Akamchapa hapo hapo, mbele yetu.

Saisi mkuu wetu, mzee ambaye sote tulimwita Ami, hakumjibu tajiri. Tulipokuwa tukimwosha yule farasi jeraha ndipo aliponiambia, "Mwanangu, leo amejifunza jambo moja. Amejifunza kwamba akirudi hupigwa."

Naomba msomaji akae na maneno hayo. Yule farasi alikuwa amerudi. Jambo lile hasa ambalo tajiri alilitaka, alilifanya, na kwa kulifanya akala mjeledi. Sasa niambieni ni nani pale asiyekuwa na akili.

Tajiri alipokwenda safari ya miezi miwili, Ami akamchukua Shuwari. Tulikuwa na ua wa duara wa boriti za mikoko, hatua kama ishirini kutoka upande hadi upande. Alimwachia humo bila kamba, bila hatamu, akaingia na debe, akaligeuza, akalikalia katikati na kuanza kushona hatamu mbovu. Siku tatu hakufanya kingine. Shuwari alizunguka kando ya ua, akasimama, akazunguka tena. Kila alipogeuza sikio moja kuelekea debe, Ami alishusha macho. Mimi nilikuwa kijana, nikaona tunapoteza wakati.

Siku ya nne Ami akasimama. Akipiga hatua kuelekea nyonga ya farasi, farasi anakwenda mbele. Akipiga hatua kuelekea bega, anapunguza mwendo, anasimama au anageuka. Sarufi yote ya lugha hii ni hiyo, na hakuna farasi asiyezaliwa nayo, kwa sababu ndivyo wanavyosukumana wenyewe malishoni. Kinachomshinda mtu ni kuachia. Farasi akitii, hata kwa hatua moja, hata kwa kuegemeza tu uzito upande uliotakiwa, papo hapo unarudi nyuma na kulegeza mabega. Somo liko katika kule kurudi. Ukichelewa kwa kuhesabu moja mbili tatu, ameshafanya mambo mengine mawili na hajui umemshukuru kwa lipi. Kwa wiki nzima Ami alinipiga marufuku kufanya chochote isipokuwa kuachia kwa wakati wake.

Kumsogelea alinifundisha kupitia ubavuni, kuelekea bega. Farasi anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, ila mbele kabisa ya paji lake na nyuma kabisa ya mkia wake haoni. Anayemjia kwa nyuma kimyakimya kisha akapigwa teke amejitafutia. Unafika, unamkuna pale mabega yanapokutana na shingo, mahali wanapokunana wao kwa wao, na unaondoka kabla hajakuondokea yeye. Robo saa, basi, hata kama mambo yanakwenda vizuri. Hasa kama yanakwenda vizuri. Wanaoanza na karoti mfukoni wanamfundisha mnyama kupekua mifuko. Zawadi ina kazi yake, lakini kwa mkono unaojua wakati wa kuitoa.

Wala Ami hakuidharau kamba yenyewe. Kusimama, kurudi nyuma, kusogeza mabega, aliyaanza kwa kamba iliyolegea, halafu siku moja akaifungua ili ajue kama yameeleweka. Alikuwa na ufito wa mwanzi wenye kitambaa nchani, akiutumia kurefusha mkono wake: kumpapasa Shuwari mgongo na miguu kutoka mbali. Sikuona hata siku moja ukimpiga.

Yapo mafundisho ya siku hizi ambayo nayo hayanipendezi, na hapa nitawaudhi wengine. Mmarekani Monty Roberts alimwonyesha Malkia Elizabeth kazi yake ya uwanja wa duara katika kasri la Windsor mwaka 1989, na tangu hapo dunia imejaa watu wanaomwiga nusu nusu. Wanamwingiza farasi uani, wanamkimbiza mzunguko baada ya mzunguko hadi povu linamtoka, kisha akiwajia kwa uchovu wanasema amechagua. Hajachagua kitu. Amekimbizwa mpaka mahali pekee pa kupumzika pakawa kando yako. Kamba imetoka shingoni ikaingia mapafuni. Kama farasi wako hawezi kuondoka uani kwako akapumua kwa amani kule ukingoni, usiniambie yuko huru.

Hoja ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa watetezi wa kiboko ni kwamba farasi hana akili. Ubongo wake mdogo, haelewi ila maumivu. Sijui nianzie wapi na watu hawa. Mwaka 1904 huko Berlin mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi jina lake Hans aliyejibu maswali ya kujumlisha na kutoa kwa kupiga kwato chini. Kamati ya wataalamu ilimchunguza, haikuona hila. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akaligundua jambo lenyewe: Hans hakujua hesabu. Alikuwa akimtazama muulizaji, na kwato zikifika idadi sahihi, muulizaji bila kujijua alitikisa kichwa kidogo mno, mtikisiko ambao wataalamu waliosimama pale hawakuuona. Farasi aliuona. Watu wengi huisimulia habari hii kumcheka Hans. Mimi nasema huyo ndiye mnyama tunayemchapa ili atuelewe. Anasoma shingo yako, pumzi yako, bega lako kabla hujajua mwenyewe unachotaka, na wewe unamjibu kwa mjeledi, halafu unasema yeye ndiye mzito wa kuelewa.

Wengine husema haya ni mambo ya kizungu ya watu wenye muda, au ya sarakasi. Ya sarakasi? Mfaransa Frédéric Pignon aliwachezesha madume ya farasi yasiyofungwa chochote katika onyesho la Cavalia lililoanzia Kanada mwaka 2003, na mashuhuri kati yao, Templado, alikuwa farasi mgumu ambaye amri na mabavu havikufaa kitu kwake. Madume kadhaa, pamoja, bila kamba, mbele ya maelfu ya watu. Anayeita hilo mchezo ajaribu na dume mmoja. Na kuhusu kuwa na muda, Xenophon wa Ugiriki aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alikuwa askari, mtu ambaye uhai wake vitani uliutegemea mgongo wa mnyama. Alionya kwamba usimwendee farasi ukiwa na hasira, na akamfananisha farasi anayelazimishwa na mcheza ngoma anayechapwa ili acheze. Na kwa ndugu zangu wanaopenda kuleta dini pale wanapoishiwa hoja: Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kumpiga mnyama usoni. Nimeona ufukweni kwetu mtu mwenye kanzu safi akimpiga farasi wa kukodi puani kwa sababu aliyumba kupishana na pikipiki.

Halafu ile methali. Fadhila ya punda ni mateke. Fadhila ipi? Kule Lamu iko zahanati ya punda inayotibu bila malipo tangu 1987, na kazi haijawahi kuisha: vidonda vya mgongoni, kamba zilizokula nyama, kwato zilizopasuka. Mnyama anabeba mawe ya matumbawe, saruji, maji na mahari ya bibi harusi, analala njaa jalalani, siku moja anarusha mguu, na sisi tunatunga methali. Hapa Kenya mwaka 2016 tukafungua machinjio ya kumchuna ngozi ipelekwe China. Mpaka wafugaji walipopiga kelele za wizi ndipo serikali ikayafunga mwaka 2020. Watu waliomfanyia hivyo hawana kinywa cha kumfundisha punda shukrani.

Shuwari alimfuata Ami bila kamba katika wiki ya tatu. Kwanza hatua mbili, akasimama. Ami naye akasimama, akamngoja bila kugeuka. Ilipofika wiki ya tano walikuwa wakitembea pamoja, mwendo wa kawaida, mwendo wa matiti, kusimama, kurudi nyuma, pua yake karibu na kiwiko cha mzee. Mwishoni mwa mwezi wa pili Ami aliniambia nifungue lango, lile lile la nyuma, na barabara ilikuwa ikisikika. Nilikataa. Akalifungua mwenyewe, akampita farasi, akaenda zake kuelekea mabandani. Shuwari alitazama lango. Kisha akageuka, akamfuata mzee.

Tajiri aliporudi tulimwonyesha. Alisema ni uchawi, akamrudishia lijamu.

Ami amekufa, Mungu amrehemu. Mimi nina farasi mmoja mzee na punda wawili, na ua wa boriti nyuma ya nyumba. Mheshimiwa uliyezungumza Jumamosi, nakualika, na wazazi wote waliopiga makofi wanakaribishwa. Njooni asubuhi, jua halijawa kali. Bakora ziacheni nyumbani. Nitawafungulia lango, na mtakaa kwenye debe siku tatu.