Kasi si Mwendo

Pana kasumba iliyoota mizizi nchini: kusifu kila kinachokwenda mbio na kudharau kila kinachokwenda kwa kipimo. Mwaka 2005 "kasi mpya" iliingia katika kaulimbiu ya uchaguzi, na wengi wakaipokea kana kwamba kasi yenyewe ni maendeleo. Mwenye kasi akawa shujaa; mwenye kipimo akaitwa mzembe. Hukumu hiyo ni ya uonevu, na ushahidi wa kuitengua umo mkoani Mara.

Katika mbuga za Serengeti, duma ndiye bingwa wa mbio. Lakini mbio zake ni za mita mia chache tu. Akishaangusha windo huhema hoi, na wakati mwingine fisi humpokonya kitoweo. Nyumbu, zaidi ya milioni moja, hawana sifa hiyo. Huzaa kusini mwanzoni mwa mwaka, hufuata mvua na majani, hata ifikapo Julai au Agosti huwa wamefika Mto Mara, upande wa Tarime. Hapo husimama ukingoni, pengine kwa saa nyingi, kisha hujitosa kwa nguvu zote. Kasi wanayo; ila wameiweka akiba hadi pahala pake.

Wanadamu nao wameonyesha hayo. Moscow, mwaka 1980, Filbert Bayi aliwaacha mbali wenzake katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Nguvu zikamwishia, akapitwa mzunguko wa mwisho. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alipata fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, aliyejizuia hadi mwisho ndipo akachomoka. Nyambui hakuishia hapo: alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987, akarudia 1988.

Watasema: mbona Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025 kwa kuchomoka hatua za mwisho, akamshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde? Kweli. Lakini nyuma ya hatua hizo palikuwa na kilomita 42 za kujizuia. Taifa likashangilia hatua, likasahau kilomita.

Na hasara yake haiishii viwanjani. Tarime, mkulima wa kahawa hungoja takriban miaka 3 mche uzae. Nyamongo, dhahabu huahidi utajiri wa siku moja. Kijana anayeacha jembe akakimbilia shimo asilaumiwe peke yake. Amelelewa katika nchi inayompigia makofi anayechomoka, isiyo na neno la pongezi kwa anayepalilia.

Wala hoja hii isiwe kichaka cha wavivu, wajifichao nyuma ya "haraka haraka haina baraka". "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako" nayo ni methali, na nyumbu asiyethubutu kuvuka haonji majani ya ng'ambo. Kinachodaiwa ni utaratibu: akiba itangulie, kasi ifuate. Anayehimiza kasi kwa watu ambao hakuwasaidia kuweka akiba anawahimiza waanguke njiani.