Samaki wa pambo: Voi si Wundanyi

Barua niliyoichagua leo imetoka kwa mama mmoja wa Voi mjini. Binti yake aliye gredi ya 2 aliletewa samaki wawili wa dhahabu kutoka Mombasa, wakatiwa katika mtungi wa kioo wa peremende na kuwekwa juu ya televisheni ili wageni wawaone. Siku ya nne mmoja alielea tumbo juu. Wa pili hakumaliza wiki. Mtoto amewazika chini ya mwarobaini, halali vizuri, na baba mtu ameapa kwamba hanunui tena viumbe vya kufakufa. Mama anauliza kama ajaribu mara nyingine au amtafutie mwanawe sungura.

Ajaribu, lakini kwanza ajue kwamba samaki wale hawakufa kwa sababu ni dhaifu. Samaki wa dhahabu, ambaye Wachina wamemfuga kwa zaidi ya miaka 1,000, akitunzwa sawasawa huishi miaka 10, hata 15 na zaidi. Yule wa mapezi marefu na tumbo la mviringo hukua akawa mkubwa kama kiganja cha mtu mzima. Yule wa umbo la kawaida hupita sentimita 20, na huyo hafai kabisa kukaa sebuleni. Ni samaki wa bwawa. Kumtia katika mtungi wa lita 4 ni sawa na kumfungia ng'ombe jikoni.

Kinachowaua mtungini ni uchafu wao wenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na hao wa dhahabu hula sana na kuchafua sana. Katika maji mengi yenye chujio, kuna bakteria wanaoigeuza amonia hiyo kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti ambayo haina madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujenga makao yao. Katika mtungi mdogo hakuna nafasi wala muda wa hayo yote kutokea. Isitoshe, sumu ya amonia huzidi ukali maji yakipata joto.

Na hapo ndipo Voi inapoingia. Mji huu una joto la kuchosha, hasa Februari na Machi, na maji yenye joto hushika hewa kidogo kuliko maji baridi. Samaki wa dhahabu ni mtu wa baridi: hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 22 hivi. Ukimweka juu ya televisheni Voi, unamchemsha polepole huku ukimnyima pumzi. Kwa maoni yangu, samaki huyu afugwe Wundanyi, Werugha na Mgange, huko milimani ambako watu hulala na blanketi mbili mwezi wa Julai. Watu wa Voi, Mwatate na Taveta wangechagua beta.

Beta ni yule samaki mdogo wa mapezi kama kanga inayopepea, mwekundu au buluu, ambaye asili yake ni Thailand. Mwaka 2019 nchi hiyo ilimtangaza kuwa mnyama wake rasmi wa majini. Hupenda nyuzi 24 hadi 28, kwa hiyo nyumba ya Voi yenye kivuli humfaa pasipo kifaa cha kupasha maji moto. Zaidi ya matamvua, ana kiungo kingine kichwani cha kuvutia hewa ya juu ya maji, ndiyo maana utamwona akipanda kuchukua pumzi. Stima ikipotea usiku kucha, beta ataamka mzima wakati samaki wa dhahabu wamejaa juu wakitweta.

Wauzaji wengine huitumia sifa hiyo vibaya. Humweka beta katika kikombe na kukuambia kwamba hahitaji nafasi. Kuweza kuvumilia si kupenda, mpenzi msomaji. Mpe lita 20 angalau, zenye mmea au chungu kidogo cha kujifichia. Madume wawili wasikae pamoja hata siku moja, kwani watararuana. Wala usimchanganye na samaki wa dhahabu. Mmoja ataona baridi au mwenzake ataona joto, na yale mapezi marefu yatadonolewa.

Tangi si lazima litoke Nairobi. Fundi wa vioo anaweza kukutengenezea la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo hubeba lita 54. Hilo ni jumba la kifahari kwa beta mmoja. Mwambie atumie kioo cha milimita 6, na gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa maana ile ya bafuni huua samaki. Likauke wiki nzima, kisha lijazwe maji uani siku mbili uone kama linavuja. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja. Kilo 54 pamoja na uzito wa kioo hazikai juu ya televisheni wala juu ya meza inayoyumba. Liwe mbali na dirisha lenye jua, mbali na moshi wa jiko, na lifunikwe, kwani beta huruka. Acha tu nafasi ya hewa chini ya kifuniko. Ukipuliza dawa ya mbu chumbani umemuua.

Kwa samaki wawili wa dhahabu, ukiwa milimani, anza na lita 100 zenye chujio la sponji na pampu ya hewa. Au jenga birika la saruji kivulini. Saruji mpya hutoa chokaa kali, kwa hiyo jaza na kumwaga maji mara kadhaa kwa wiki mbili tatu kabla ya kuweka kiumbe. Funika kwa wavu, maana mdiria hahitaji kualikwa mara mbili. Faida yake ni kwamba viluwiluwi vya mbu vitaliwa vyote.

Sasa maji. Ya mfereji Voi hutoka chemchemi za Mzima, na husafishwa kwa klorini. Yaache katika ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Kwa kuwa mfereji hukauka bila taarifa, weka madumu mawili ya akiba, midomo imefungwa kwa kitambaa. Maji ya visima vingi vya tambarare yana chumvi. Ni afadhali ya mvua.

Na mtoto akichoka na samaki, asiwaachilie mto Voi wala ziwa Jipe. Jipe na Chala zina perege wao ambao hawapatikani kwingi duniani, na mgeni mlafi huleta balaa na magonjwa.

Mama, nunua tangi kwanza, samaki baadaye. Lijaze, washa chujio, na kila siku tia chembe mbili za chakula zioze humo ili bakteria wapate kazi. Mpe binti daftari aandike siku. Baada ya wiki 5 au 6 nenda Mombasa umchukue beta mmoja tu. Ukifika, uache mfuko wake uelee tangini dakika 20 kabla ya kumfungulia. Chakula kiwe kile anachoweza kumaliza kwa dakika mbili, na kila Jumamosi mtoe robo ya maji na kurudisha yaliyolala kwenye ndoo. Kazi hiyo mwachie binti. Baba ashike ndoo.