Msiling'oe Zimwi Meno

Katika mabaraza ya watu wa makamo, kahawa ikisha kuzunguka na habari za siasa zikisha kupoteza utamu, aghalabu huzuka mazungumzo juu ya hadithi za kutisha walizosimuliwa watu hao walipokuwa wadogo. Mmoja humtaja nunda mla watu, mwingine hukumbuka zimwi na ngoma yake, wa tatu huapa kwamba mpaka leo hapiti chini ya mbuyu fulani baada ya magharibi, na wote hucheka, wakashusha pumzi, wakasema kwa huzuni kwamba watoto wa zama hizi wamedhulumiwa kwa kuwa hawayajui hayo. Kisha kila mmoja hurejea kwake, akamkabidhi mjukuu simu ili atulie, naye akajilaza. Maneno yangu leo ni kwa watu hawa, ambao kwa hirimu na kwa tabia mimi ni mmoja wao: hadithi zile hazikufa wala hazikuibwa na mtu, sisi tuliokabidhiwa ndio tuliozikalia, na majonzi yetu juu yake, ingawa yanatupendeza sana, ni udhuru wa uvivu.

Insafu yataka kwanza tueleze hofu ile ilikuwa ya namna gani, maana wapo waizungumzao kana kwamba ilikuwa adhabu. Bibi msimuliaji wa pwani hakuwa mtu wa kukaa bure. Alikuwa na miyaa ubavuni na ukili mkononi, na vidole vyake vilisuka huku kinywa kikisimulia, utambi wa kandili ukiwa umeshushwa ili mafuta yafike asubuhi. Aliita "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", na asiyeitika aliulizwa kama amelala, kwani hadithi haikumwendea mtu ambaye hakukubali kuingia. Zimwi liliponena, lilinena kwa sauti nzito ya puani. Binti alipoimba, bibi aliimba kwa sauti nyembamba yenye kutetemeka, na kiitikio kikawa chetu. Na pale mahali pa kutisha kuliko pote, zimwi likiwa limekwisha kunyoosha mkono, vidole vilisimama: aliuinua ukili kwenye mwanga, akaukagua, akauona una kasoro, akachagua mwaa mwingine, akaulainisha kwa maji, ilhali sisi juu ya mkeka tumesogeleana hata haijulikani mguu huu ni wa nani. Aliyeshikwa na haja ndogo wakati huo aliivumilia. Yule mzee alikuwa akitutazama nyuso moja moja, na akimwona mdogo wetu kuliko wote ameanza kulengwalengwa na machozi, basi zimwi lilipiga chafya, au lilijikwaa likaanguka kitako, tukacheka kwa kelele, kisha likainuka na hadithi ikaendelea. Hofu ile ilikuwa na kipimo, na kipimo chake kilikuwa jicho la mtu aliyempenda msikilizaji.

Chukueni mathalan hadithi ya ngoma yenyewe, ambayo husimuliwa Unguja na Mrima, na bara pia, kwa sura nyingi. Wasichana huenda pwani kuokota kombe, mmoja huona kombe nzuri kuliko zote, akaiweka juu ya jiwe asije akaivunja, kisha akaisahau, na wakiwa nusu ya njia akawasihi wenziwe warudi pamoja naye, wakakataa. Huenda peke yake akiimba ili ajipe moyo, na juu ya lile jiwe amekaa nani? Zimwi, nalo halimrukii, bali humsifu sauti, likamwomba aimbe tena, na asogee kidogo, na kidogo tena, hata likamtia ndani ya ngoma na kuiwamba. Tangu siku hiyo hutembea mji hata mji, na kila lipigapo ngoma binti huimba ndani yake, watu wakastaajabu, wakalipa zimwi wali na kuku, na aliyemo ndani asipate hata punje. Mwishowe hufika katika mji wa wazee wake, mama akaitambua sauti ya mwanawe; zimwi likakirimiwa mpaka likalala fofofo, mtoto akatolewa, na mahali pake wakatia nyuki na siafu na nyoka. Yatakayolifika zimwi katika mji wa mbele, likiulizwa mbona ngoma leo haiimbi, mtoto huyajua kabla ya kuambiwa, na furaha yake ya kuyangoja haina mfano.

Si zamani nimeisikia hadithi hii ikisomwa mbele ya watoto kwa sura mpya, ambamo zimwi lilikuwa pweke likitafuta rafiki, likaomba radhi, na watu wote wakala pilau pamoja. Sina ugomvi na pilau. Lakini nauliza: katika sura hii mpya, wako wapi wale wenzi waliokataa kurudi, ambao ndio dhambi ya kwanza katika kisa hiki? Wako wapi watu wa miji ile yote, walioshangilia sauti nzuri wakala na kunywa, pasiwe na mmoja wa kuuliza ni nani aimbaye? Na ile hila ya kumsifu mtoto ili asogee kidogo, ambayo leo yafanywa na watu wazima wenye suruali na viatu, wala si mazimwi, mtoto ataijulia wapi, kama mafunzo yake ya kwanza yamemwambia kwamba kila atakaye usogee karibu ni mpweke wa kuhurumiwa? Walioling'oa zimwi meno walidhani wanamhurumia mtoto. Walichomwondolea ni yule mama aliyeitambua sauti, kwa maana kama hapakuwa na hatari, utambuzi wake nao haukuwa na kazi.

Naam, na nunda. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Kianglikana Unguja, alichapisha London mwaka 1870 kitabu cha hadithi alizozipokea kwa wenyeji wa kisiwa hicho, na humo mna ya Sultani Majnun na paka wake. Paka alianza kwa wanyama wadogo, akapanda kwa wakubwa, na kila walipokuja watu kushitaki, sultani alijibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake pia. Akala mtoto wa mtu, jibu likawa lile lile. Akala mtu mzima, lile lile. Siku alipokula wana wa sultani mwenyewe ndipo sultani akafumbua macho, akasema huyu si paka tena, ni nunda. Nami nikiwa mtoto niliogopa meno ya paka. Leo niisomapo naona ya kuogopesha ni yale majibu, kwa upole wake na kwa jinsi yanavyofuatana. Baada ya hapo mwana mdogo hutoka kwenda kumsaka, akarudi kila mara na mnyama mkubwa kuliko wa kwanza, na mama yake kila mara akamwambia kwamba huyu siye. Na mtoto asikilizaye hujifunza, pasipo mwalimu wala ubao, kwamba adui wa kweli hatambulikani kwa ukubwa tu. Mwaka 1901 Andrew Lang aliitia hadithi hii katika mojawapo ya vitabu vyake vya hadithi kwa watoto wa Kiingereza, hata watoto wa London wakatishwa na paka wa Unguja. Wao walimpokea pamoja na meno yake yote.

Watu wawili watanipinga. Wa kwanza ni mcha Mungu, ambaye atasema kuwa haya ni laghwi yenye kupanda ushirikina katika nyoyo. Wa pili ni msomi, ambaye atasema kuwa yanaharibu usingizi na kulea woga. Nawajibu wote wawili kwa jibu moja: itazameni ile hofu iliyokwisha kuwadhuru watu wetu, mwone iliingia kwa mlango gani. Katika zama za ukoloni ulienea uvumi wa mumiani, wanyonya damu, katika miji kama Mombasa na Dar es Salaam na Nairobi, na wazima moto wa serikali wakatuhumiwa kuwa ndio wenye kazi hiyo, hata watu wakaliogopa gari la kuwaokolea nyumba zao. Mwaka 1995 ukaenea Unguja na Pemba uvumi wa popobawa, pepo wa usiku, na watu wazima, wenye akili na vyeo, wakavihama vyumba vyao wakalala nje kwa makundi wakiota moto. Hakuna katika haya lililoanza kwa "Paukwa". Yalisimuliwa mchana kweupe, kwa sauti ya habari, yakiwa na shahidi ambaye daima ni binamu wa jirani, wala hayakuwa na mwisho, kwa sababu uvumi haumalizwi na mtu; huchoka wenyewe. Hadithi, kinyume cha hayo, hukiri uongo wake mlangoni kabla hujavua viatu, na mtoto aliyezoea uongo wenye kukiri huwa mwepesi wa kuutilia shaka ule uliovaa kanzu ya kweli. Ama majini, itikadi ya Mwislamu juu yao haikutoka kwa bibi na ukili wake. Imo katika Kurani, na sura ya 72 inaitwa kwa jina lao. Sijapata kumsikia bibi yeyote akidai kwamba zimwi lake limetoka huko.

Lakini liko jambo ambalo wazee wetu walikosea, na si haki kulificha kwa sababu ya mahaba. Kumwambia mtoto aliaye usiku, "Nyamaza, zimwi linakuja," kisha kuzima taa na kuondoka, si hadithi hata kidogo. Pale pana zimwi lakini hapana mama wa kuitambua sauti, hapana nyuki, wala hapana mtu aliyebaki mkekani. Wengi wachukiao hadithi za kutisha, ukiwachunguza, hawakusimuliwa, walitishwa tu. Naomba wasituchanganye.

Na kuna desturi nyingine iliyostahili kuhifadhiwa hata kama hadithi zote zingesahauliwa. Msimuliaji wa zamani alipofika mwisho alisema kwamba hadithi ikiwa njema, wema wake ni wa wote waliokaa pale, na ikiwa mbaya, ubaya wake ni wake peke yake. Tulidhani ni maneno ya kufungia tu. Leo mtoto amejifunika shuka na simu mkononi, anatazama maiti akiinuka kaburini, halafu mwingine, halafu mwingine, kwa kuwa kile chombo hakimwoni uso wala hakijui kwamba amekojoa kitandani jana, na hakuna atokeaye mwisho wake kusema ubaya ni wangu. Mzazi atashangaa mtoto kuogopa choo mchana. Mimi sishangai, huyo amepewa hofu isiyo na mwenyewe.

Vitabu navyo vilichukua zamu, na zamu yao ilikuwa njema. Waliojua kusoma walilipata jini la chupani katika tafsiri ya Alfu Lela Ulela. Na mwaka 1952 Shaaban Robert akatupa Adili na Nduguze, ambamo Hasidi na Mwivu wamegeuzwa nyani, na Adili, kwa amri ya jini, analazimika kuwapiga ndugu zake usiku hata usiku, jambo ambalo, nikisema kweli, lilinikosesha raha kuliko mazimwi yote, kwa kuwa mpigaji mwenyewe alikuwa mtu mwema. Muhammed Said Abdulla alikwenda mbali zaidi: katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, maiti yaonekana mahali pa mizimu, watu wanatetemeka, na mpelelezi Bwana Msa anawasha kiko chake, anauliza maswali, mpaka yadhihiri kwamba mkono uliofanya kazi ile ni wa binadamu. Nani angaliweza kuionja ladha ya kitabu hicho kama hakupata kwanza kuiogopa mizimu?

Basi enyi mliobaki na hadithi, anzeni, wala msingoje umeme ukatike. Msiseme kwamba watoto wa mjini hawajui kisima wala mbuyu. Bibi zenu hawakuwawekea zimwi Baghdadi, waliliweka nyuma ya kisima mlichoteka maji kila siku, nanyi liwekeni kituo cha mwisho cha daladala, baada ya gari la mwisho kuondoka na muuza machungwa kukunja meza yake. Waacheni waitikie kwanza, ndipo msimulie. Mtazameni mdogo kuliko wote. Msiogope kuliacha zimwi limle mtu, ila msilale kabla hamjamtoa aliye ndani ya ngoma. Na wewe usemaye kwamba umesahau, kwamba wakumbuka mwanzo na mwisho na katikati pamekuwa giza, mwendee shangazi au mama mkubwa angali na pumzi. Lakini usimwombe hadithi, maana atakuambia naye kasahau. Mwombe wimbo ule wa binti katika ngoma. Ataanza kwa kukataa, ataona haya, ataimba maneno mawili akakosea, atarudia, na wimbo ukishakaa sawa utamsikia mwenyewe akisema: la, hapo zimwi lilikuwa halijafika, kwanza kulikuwa na lile jiwe.