SEMA imefika Ukraine, Ruashi ingali inangoja

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo leo linatamkwa na wanawake wa Ukraine ambao hawajawahi kukanyaga udongo wa Kongo. Neno lenyewe ni SEMA. Ni jina la mtandao wa wanawake walionusurika ubakaji wa vita, ulioanzishwa mwaka 2017 kwa msaada wa Wakfu wa Mukwege. Tawi la Ukraine lilizaliwa mwaka 2019, likiundwa na wanawake waliopitia mahabusi za vita vya Donbas. Jina limetoka huku kwetu mashariki, na kazi inayolibeba imetoka huko pia, katika hospitali ya Panzi mjini Bukavu.

Wengi wa Lubumbashi wanaijua Panzi kwa sababu ya zawadi ya Nobel aliyopewa Daktari Denis Mukwege mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad wa Iraq. Kujivunia si vibaya. Lakini zawadi ni sehemu ndogo ya habari hii, na kwa familia iliyokimbia vita ndiyo sehemu isiyosaidia kitu.

Kinachosaidia ni namna ile hospitali ilivyojifunza kufanya kazi. Mukwege alikuwa muganga Lemera, hospitali iliyoshambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani. Panzi ilifunguliwa mwaka 1999, nia ikiwa hasa kuwasaidia wamama wanaozaa. Mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa amebakwa, kisha akapigwa risasi. Baada yake wakaja wengine, na leo wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Mwanzoni waganga walishona na kuponya mwili, wakamruhusu mama arudi nyumbani. Halafu wakaona kwamba kisu cha muganga hakitoshi. Mwili umepona lakini usingizi hauji. Mume amefukuza. Shamba limechukuliwa, na aliyetenda uovu anapita barabarani akisalimia watu. Ndipo Panzi ikaunganisha kazi nne chini ya paa moja: dawa na upasuaji, msaada wa moyo na akili, kumfundisha mama kazi ya kumlisha, na mwanasheria wa kufuata kesi. Nyumba ya Dorcas iliwapokea wale ambao hawakuwa na pa kurudi. Mama anagonga mlango mmoja tu, anasimulia yaliyompata mara moja, na wafanyakazi ndio wanaomzungukia, si yeye anayewazungukia.

Hakuna mashine ya ajabu hapo. Ni mpango wa kazi, na pengine ndiyo sababu umesafiri mbali kuliko mashine nyingi. Mwaka 2020 ulifika Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa jina la Nengo, neno la Kisango lenye maana ya heshima, na watu wa Panzi ndio waliokwenda kuwafundisha wenzao. Waganga wa Kongo na wa Kenya walichangia pia kutengeneza MediCapt, programu ya simu inayomwezesha muganga kuandika ushahidi wa ubakaji na kuuhifadhi mahali ambapo karatasi haiwezi kupotea wala kubadilishwa. Umuhimu wa maandishi ya muganga ulionekana katika kesi ya Kavumu, Kivu ya Kusini. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanaume 11, mmoja wao depute wa jimbo, kifungo cha maisha katika kesi ya watoto wasichana waliobakwa. Bila rekodi za hospitali, kesi kama ile ingebaki neno la mtoto dhidi ya neno la mheshimiwa.

Sasa turudi Ruashi. Wako wanaosema hayo ni mambo ya Kivu, hapa hakuna vita. Ni kweli, mabomu hayasikiki hapa. Lakini vita inapanda lori pamoja na watu. Familia zimetoka Goma na Bukavu tangu miji hiyo ilipotekwa mwanzoni mwa 2025, na nyingine zilitoka zamani upande wa Mitwaba, Pweto na Manono. Wengi hawako kambini. Wamelala kwa ndugu, vyumba viwili watu kumi, na katika nyumba ya namna hiyo jambo la aibu halisemwi. Tena ubakaji haungoji vita. Hata msichana aliyezaliwa hapa hapa anaweza kukutwa nao njiani akitoka kuchota maji.

Na saa inahesabu. Dawa za kuzuia UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya masaa 72. Za kuzuia mimba, ndani ya siku 5, na kadiri mtu anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Hata muda ukipita, kwenda kwa muganga bado kuna faida. Nguo zilizovaliwa zisifuliwe, maana ni ushahidi. Matibabu hayangoji mashtaka: mama ana haki ya dawa hata asipotaka kwenda polisi. Akitaka kwenda, sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inadai uchunguzi umalizike katika mwezi mmoja na hukumu itolewe katika miezi mitatu. Sheria nzuri hiyo, kwenye karatasi.

Panzi ina udhaifu wake, na ni vizuri kuutaja kabla ya kuiga. Imeegemea sana mifuko ya wazungu. Marekani ilipokata misaada mwaka 2025, vifurushi vya dawa za baada ya kubakwa vilipungua mashariki wakati vita inapamba moto. Ruashi haina sababu ya kuingia mtego huo. Sheria ya Desemba 2022 ilileta FONAREV, mfuko wa taifa wa kulipa fidia na kuwasaidia waathirika wa ubakaji wa vita, na sehemu kubwa ya chakula chake ni 11 kwa mia ya redevance ya madini. Madini gani, kama si shaba na cobalt ya Katanga? Kwa wasichana ambao msiba wao hauhusiani na vita, Kodi ya Madini ya 2018 inalipa jimbo 25 kwa mia ya redevance, na 15 kwa mia inakwenda kwa komini au sekta ambamo mgodi umo. Malori yanayobeba mali hiyo yanatutimulia vumbi kila siku.

Hakuna anayeomba Panzi nzima ijengwe hapa. Zone ya afya ya Ruashi ingeanza na chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, nesi wa kike wa usiku, sanduku la dawa lisilobaki tupu, mwanasheria anayekuja hata mara mbili kwa juma, na namba moja ya simu inayojulikana na wachungaji, maimamu, walimu na wakubwa wa avenue. Bukavu kuna watu wanaojua kufundisha kazi hiyo, nao walikwishakwenda hadi Bangui. Barua ya kuwaita inaweza kuandikwa na wizara ya afya ya jimbo, kwa asubuhi moja.