Wachezaji wa nje waitwe, ila wapimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaodai kuwa wachezaji wetu walioko nje wasiitwe Taifa Stars, ati wanawaziba vijana wa ligi ya nyumbani.

Vijana hao wana mashindano yao, CHAN, ambako mwaka 2025 walitufikisha robo fainali. Lakini fainali za Mataifa ya Afrika tulizisubiri miaka 39, toka Lagos 1980 hadi Misri 2019, na nahodha wetu huko Misri alikuwa Mbwana Samatta, mchezaji wa Genk ya Ubelgiji. Je, tungemwacha?

Hapa Tabora wazee wetu walibeba mizigo hadi Bagamoyo, wakarudi na bidhaa na maarifa ya pwani. Unyamwezi wao haukupungua.

Hata hivyo, kucheza Ulaya kusiwe tiketi. Anayekaa benchi huko asimpiku anayecheza kila wiki hapa. Nawaomba makocha na TFF wapime kiwango, siyo anwani. Wanafunzi wangu wanaocheza chandimu wakijua hivyo, watajituma.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Uyui, Tabora.